Mazulia ya Jeneza

5 Novemba, Ijumaa

Baada ya sala Haji Veysel alisimama mbele ya mimbari akatuzuia tusitoke. Ni mwenyekiti wa kamati ya msikiti, kama baba yake alivyokuwa, na husimama mle ndani kama mtu aliyerithi hata hewa yake. Alisema msikiti wetu wa Taşkuyu unanuka. Nondo wamekula mazulia, vumbi linawakohoza watu. Kuna mfanyabiashara wa mjini Milas anayeitwa Cevat, mtu wa heri, atakayetutandikia zulia jipya la kiwandani, jekundu, kutoka ukuta hadi ukuta, lenye mistari ya safu ili tusijipange kama mbuzi. Bure. Kabla ya Ramadhani.

"Na haya ya zamani?" niliuliza kutoka nyuma.

"Atayachukua. Atatupunguzia mzigo."

"Mtu akikupa kitu nawe ukampa kitu, huko kwenu mnaitaje?"

Watu waligeuka. Haji Veysel alitabasamu. "Huku kwetu, Mwalimu, tunaita shukrani. Huko kwenu sijui. Mlikuja na maneno yenu."

Walicheka. Nimeishi hapa miaka arobaini na miwili. Wote waliocheka nimewafundisha kusoma, isipokuwa wawili.

6 Novemba

Uchumaji wa zeituni umeanza. Kijiji chote kiko mashambani. Njiani hakuna aliyenisalimu, au labda hawakuniona. Naandika "labda" ili nitende haki.

9 Novemba

Jana niliandika kwa hasira, kisha nikauchana ukurasa. Leo naandika taratibu.

Hapa mtu akifa huoshwa, hukafiniwa, huwekwa katika jeneza, na juu yake hutandazwa zulia lililo bora kuliko yote nyumbani kwake. Mara nyingi ni la mkono wa marehemu mwenyewe au wa mama yake. Baada ya maziko zulia halirudi nyumbani. Hupelekwa msikitini, likatandikwa, na kila goti litakalopigwa juu yake ni thawabu kwa aliye kaburini. Hivyo ndivyo sakafu ya msikiti wetu ilivyojaa, mfu juu ya mfu, mahali pengine tabaka tatu. Wenyeji wanajua la mama wa nani liko wapi. Wanasali juu ya wazazi wao.

Kule kwetu, vilimani Kırcaali, tulifunika jeneza kwa shali ya kijani na shali ikarudi sandukuni. Tulipofukuzwa Bulgaria mwaka wa hamsini na moja tulivuka mpaka na vyombo vichache na mbegu za tumbaku. Serikali ikatuleta hapa. Wengine wote wa gari letu walihamia mijini mmoja mmoja. Tukabaki mimi na Nazire, na jina la "wahajiri" tukabaki nalo sisi wawili.

Nazire alitaka kufuma. "Nataka nizikwe kama wao," aliniambia. Hakuna aliyemfundisha. Alijifunza kwa kupita mbele ya madirisha ya watu na kuchungulia, na alilifuma lile zulia moja kwa miezi kumi na minne. Wanawake wa hapa huanza kufuma juu, kwenye ncha ya kibla, wakashuka, ili manyoya yalale kuelekea mbele na mkono wa anayesujudu uteleze. Hilo hakuambiwa. Alianza chini akapanda juu, na manyoya yake yanamjia usoni anayesujudu. Walimcheka hadi siku yake ya mwisho: zulia la wahajiri linakwaruza kama wenyewe.

Alifariki miaka kumi na mmoja iliyopita. Zulia nililibeba mwenyewe. Haji Veysel alilipokea mlangoni akalitandika papo hapo mlangoni, kando ya viatu. "Mbele kumejaa," alisema. Tangu siku hiyo nasali kando ya viatu. Mara nyingi palikuwa na nafasi mbele. Sikwenda.

Sasa wanataka kumwondoa hata pale.

12 Novemba, Ijumaa

Kura.

Kwanza waliuliza hukumu kwa Imamu Yakup, kijana mwenye ndevu changa aliyepangiwa kwetu mwaka jana. Nilimtangulia.

"Imamu, kilichowekwa wakfu kinauzwa?"

"Hakiuzwi."

"Kinabadilishwa?"

"Kikichakaa, na badala yake ikawa bora, wako wanazuoni waliosema…"

"Bora kwa nani? Kwa Cevat?"

"Mzee wangu," alisema kwa sauti ya chini, "mimi nakaa nyumba ya kamati." Siku nzima ya leo hakuna aliyesema neno la kweli kuliko hilo.

Haji Veysel aliita mikono. Ilipanda kama shamba la mabua. Kisha akauliza nani anapinga, nami nikainua wangu.

"Mmoja," alisema. "Tena mwenyewe ana zulia moja tu humu, la mlangoni."

"Hilo moja nalo ni la Mungu."

"Basi lichukue ukalitandike kwako. Hatutakushtaki."

Anajua siwezi. Kilichotolewa hakirudi kabatini. Alitaka nitamani mbele za watu, nami kwa kiasi cha pumzi moja nilitamani.

16 Novemba

Mvua. Mashine ya kukamulia zeituni inanguruma tangu alfajiri. Sikutoka.

23 Novemba

Cevat amekuja na futi ya kupimia. Ana viatu vya ngozi laini na sauti laini zaidi. Nilikaa mlangoni nikamtazama. Anayetaka kusali hutazama uso wa zulia. Cevat alikuwa akishika kona, anapindua, anachungulia mgongo, anahesabu mafundo kwa ukucha, kisha anaiacha kona ianguke kana kwamba ameona uchafu.

"Mzee, haya yamekwisha," aliniambia. "Nawasaidia tu."

"Kama yamekwisha, mbona unayapindua?"

"Nimezoea."

"Hata mwizi wa farasi amezoea kutazama meno."

Haji Veysel alinishika kiwiko. "Mwalimu, nenda ukanywe chai. Nitalipa mimi."

"Unywe wewe. Una mgeni."

3 Desemba

Siku tatu nimekuwa nikiingia msikitini kati ya adhuhuri na alasiri, watu wakiwa mashambani. Nimepiga magoti na kuandika orodha. Mazulia sitini na moja. Kwa kila moja: urefu, upana, rangi, kasoro, na jina la marehemu kama linajulikana. Kumi na tisa yana herufi za zamani zilizofumwa pembeni, mwaka au jina, na kijijini hakuna anayezisoma ila mimi, maana shule yetu kule Bulgaria ilizishika herufi hizo hapa zilipokwisha kuachwa.

Nimegundua mengi kwa magoti. Nambari 3, la bibi yake Haji Veysel, limefumwa jina la mtoto pembeni, "Halil", na chini yake mwaka mmoja tu. Mtoto aliyezaliwa na kufa katika mwaka huohuo. Nadhani Haji Veysel hajui kwamba amesali juu ya mtoto huyo maisha yake yote. Nambari 14, la mama yake jirani yangu Bi Hatçe, katika kona ya chini upande wa kulia lina mafundo ya buluu panapostahili nyekundu. Sufu nyekundu ilimwishia. Nilikaa juu ya kona ile muda mrefu kuliko ulivyohitajika.

Nambari 61: zulia la kibla, hudhurungi na manjano, manyoya kinyume, mkono wa Nazire, mke wa Rüstem.

8 Desemba

Nimeipeleka barua posta mwenyewe. Kurasa tisa pamoja na orodha, kwa watu wa makumbusho ya mkoa. Nimeeleza kwamba mali ya wakfu inakaribia kutoka mikononi mwa jamii. Nilikagua kila nukta. Nikirudi nilitembea kama kijana.

15 Desemba

Hakuna jibu.

20 Desemba

Kati ya nyumba yangu na ya Bi Hatçe kuna ukuta mmoja. Ana miaka sabini na minane, na hakuna aliyefuma kumzidi katika vijiji vyote hivi. Kwa ulimi pia. Leo alikuwa akichambua zeituni kizingitini.

"Mwalimu, nasikia umepiga magoti msikitini siku tatu nje ya wakati wa sala. Umeangusha meno?"

"Nilikuwa nahesabu."

"Nini?"

"Wafu wenu."

"Hesabu wako," alisema bila kuinua macho. "Ni mmoja. Hutachoka."

Niliingia ndani. Sikuwasha jiko. Miaka yote Nazire alikuwa akirudi kutoka bombani amenyamaza, nikimuuliza nani kamuudhi, ananiambia: hakuna mtu, ni upepo. Sasa nimemwona huyo upepo.

2 Januari

Upepo wa kusini siku nne. Kichwa kinauma. Haji Veysel ametangaza kwamba lori la Cevat litakuja tarehe thelathini.

11 Januari

Jua limetoka kama la Aprili. Tangu asubuhi nasikia kishindo: wanawake wametoa mazulia ya msikiti nje na kuyatundika kwenye kuta, wanayachapa kwa fimbo. Nilimuuliza mke wa Haji Veysel kwa nini wajisumbue kusafisha kitu kinachoondoka.

"Aibu, Mwalimu. Mgeni asiseme tulimpa vumbi."

Jibu zuri. Nilimwamini.

14 Januari, Ijumaa

Leo, watu wakisikiliza hotuba, nilihesabu. Thelathini na manane. Nikahesabu tena. Ishirini na matatu hayapo. Hakuna mwanamume aliyeona, kwa sababu tabaka la juu limepunguzwa tu, na kwa sababu mle ndani hakuna aliyewahi kuhesabu chochote ila mimi. Nambari 3 haipo. Nambari 14 haipo. Kila mwanamke amembeba mama yake akarudi naye nyumbani, mbele ya macho yetu, kwa fimbo na kelele za kuchapa vumbi.

La Nazire lipo mlangoni. Hana binti wa kumbeba.

Hisia yangu ya kwanza ilikuwa furaha, kwamba Haji Veysel anaibiwa na mkewe mwenyewe. Ya pili ilikuwa hasira, kwa sababu wakfu ni wakfu, hata mwizi akiwa mtoto wa marehemu. Ya tatu ilikuja nikiwa navaa viatu, nikabaki na kimoja mkononi. Orodha. Kila moja la yale ishirini na matatu liko katika orodha yangu, na rangi zake, na kasoro zake, na jina la ukoo wake. Nimewaandikia watu wa serikali namna ya kuwakamata.

15 Januari

Nilibisha kwa Bi Hatçe. Alifungua kidogo.

"Una la mama yako humo ndani," nilisema.

"Nina sufuria jikoni na mguu mbaya. La mama liko msikitini."

"Bi Hatçe, nisikilize. Mimi niliandika barua. Mwezi uliopita. Wanaweza kuja na orodha. Lirudishe, au lifiche mahali pengine, si hapa."

Kisha akafungua mlango wote. Hakunikaribisha, ila alitaka kunitukana bila kizuizi.

"Uliandika kwa serikali. Hukupita nyumba kumi na mbili kusema neno, ukaandikia watu wasiojua hata mlango wetu unafungukia wapi."

"Nani angenisikiliza? Mikono yote ilipanda."

"Mikono ya wanaume. Sisi uliona mikono yetu? Ulituuliza?"

Kweli sikuwauliza. Miezi miwili nimepigania mazulia ambayo kila fundo lake ni la mwanamke, na sikuzungumza na mwanamke hata mmoja.

"Ulimcheka mke wangu miaka thelathini," nilisema, kwa kuwa nilitaka nami nimchome.

"Nilimcheka. Alifuma kichwa chini. Ningelia?" Alishika fremu ya mlango. "Alikuwa anapita dirishani kwangu mara tano kwa siku na ndoo tupu. Ndoo tupu, Mwalimu. Unafikiri sikumwona? Kila mfumaji hapa hufunga pazia, mgeni asiibe nakshi. Mimi niliacha wazi."

"Kwa nini hukumwita ndani?"

"Kwa nini hakubisha?"

Akafunga.

18 Januari

Sijalala vizuri. Nimewaandikia tena makumbusho kwamba orodha ya kwanza ina makosa. Sijui barua ipi hutembea haraka zaidi.

19 Januari

Baridi. Nimetengeneza supu ya tarhana, ile ya unga na maziwa ya mgando, nikaiacha ikapoa.

27 Januari

Watu wa makumbusho wamekuja. Nitaandika yote kwa mpangilio wake.

Walifika saa nne asubuhi na magari mawili. Mwanamke wa miaka arobaini hivi, mwenye miwani na jalada, kijana wa kamera, na askari wawili wa vijijini waliokuwa wakipuliza mikono yao. Lori tupu nyuma. Mwanamke aliuliza kwa sauti, mbele ya mkahawa, mbele ya wote: "Mwalimu Rüstem ni nani? Barua yake ni nzuri mno."

Nilisimama. Sijawahi kusifiwa hadharani katika kijiji hiki, na siku iliyofika ilikuwa hiyo.

Msikitini walihesabu. "Thelathini na manane," alisema. "Wewe umeandika sitini na moja."

Haji Veysel aligeuka taratibu kunitazama. Kisha aliitazama sakafu, akaenda mbele, mahali alipozoea kusimama, akalitazama zulia lililokuwa chini ya lile lisilokuwapo. Nilimwona akielewa. Aliangalia nje, upande wa wanawake, akamtafuta mkewe, na mkewe akainamisha kichwa.

"Mwenyekiti," mwanamke alimuuliza, "mengine yako wapi?"

Angeweza kusema. Angeiokoa nafsi yake na kamati yake kwa neno moja. Uso ulimwiva. "Mwalimu ndiye mwenye hesabu," alisema. "Muulizeni yeye."

Nilinyamaza. Mwanamke hakuwa mjinga. Alisema basi watapita nyumba kwa nyumba wakiwa na orodha, na akaomba niandamane nao niyatambue. Nyumba ya kwanza, kwa kuwa iko karibu na msikiti, ilikuwa ya Bi Hatçe.

Alikuwa amelitandika sebuleni, waziwazi, na amekaa juu yake.

"Mama, inuka kidogo," alisema askari.

"Mguu mbaya. Niinue wewe, nikivunjika utanifunga plasta."

Wakamwinua kwa adabu. Mwanamke alisoma kutoka kwenye jalada lake, kwa maneno yangu: "Nambari 14. Nyekundu, manjano, kijani cha jani la tumbaku. Kona ya chini kulia, mafundo ya buluu badala ya nyekundu." Akachuchumaa kwenye kona ya chini kulia. Buluu ilikuwapo.

"Hili ni langu," alisema Bi Hatçe. "Nimelifuma kwa ajili ya jeneza langu. Nangoja tu."

"Lina buluu, Mama. Kama lilivyoandikwa."

"Mama yangu sufu nyekundu ilimwishia. Nami ikaniishia. Ukoo wetu ni maskini, na umaskini unarithiwa kama sura."

Kijana wa kamera alicheka, akaacha. Mwanamke aliinua macho kwangu. "Mwalimu. Ni hili?"

Mlangoni walijaa wanawake. Nyuma yao, wanaume. Bi Hatçe hakunitazama. Alitazama ukutani, taya limekaza, kama mtu anayesubiri sindano.

Nilijua ni lenyewe. Nilikuwa nimekaa juu ya kona ile kwa nusu saa. Tangu Novemba nimewasimanga watu hawa kwa jambo moja: kilichowekwa wakfu hakirudi nyumbani kwa mtu. Na maisha yangu yote, kule nilikofukuzwa na hapa nilikoletwa, nilikuwa na kitu kimoja ambacho hakuna aliyeweza kuninyang'anya, kwamba nikiandika jambo, ndivyo lilivyo.

"Silo," nilisema.

"Umeandika kona ya kulia, buluu."

"Nilikosea. Ilikuwa ya kushoto. Na ilikuwa kijani."

"Una hakika?"

"Nina miaka sabini na minne. Nilikuwa nimepiga magoti, mwanga hafifu. Silo."

Nyumba ya pili ilikuwa ya Haji Veysel. Mkewe alilitoa mwenyewe. Mwanamke alinionyesha herufi pembeni. "Hapa umeandika 'Halil'."

"Hilo ni pambo," nilisema. "Wafumaji huiga herufi bila kujua. Hakisomeki kitu." Haji Veysel alikuwa nyuma ya bega langu. Nilisikia pumzi zake.

Nyumba ya tatu: silo. Ya nne: sikumbuki kuliona. Kufikia ya tano mwanamke alifunga jalada. Hakukasirika, na hilo liliniuma zaidi. Aliandika mstari mmoja bila kuuficha, nami nikausoma juu chini, kama mwalimu yeyote anavyoweza: mtoa taarifa ni mzee sana, kumbukumbu zake si za kutegemewa.

"Tutachukua yaliyomo msikitini," alisema. "Hayo angalau tunayaona."

Wakaanza kuyatoa. Yalikunjwa, yakafungwa kamba, yakaandikwa nambari mpya. Thelathini na manane, la mwisho likiwa lile la mlangoni. Askari alikuwa ameshalikunja nilipomfikia yule mwanamke wa makumbusho.

"Hili acheni," nilisema. "Hili si la kale. Limefumwa mwaka wa sitini na sita. Rangi zake ni za dukani, tulizinunua Milas mimi na yeye, zikiwa katika pakiti. Halina thamani kwenu. Liliandikwa kwa sababu lipo, basi. Tazama manyoya, yako kinyume."

Aliligusa, kweli. Kisha akanitazama kwa huruma.

"Mzee wangu, tangu asubuhi umeniambia uliyoyaandika si kweli. Sasa nikuamini kwa lipi?"

Sikuweza kumlaumu. Ningekuwa yeye ningesema hivyohivyo.

Likapandishwa juu ya mengine. Lori liliondoka saa tisa. Kijiji chote kilikuwa barabarani, na hakuna aliyenikaribia. Si kwa chuki ya zamani. Walikuwa hawajui wanichukieje sasa.

28 Januari, Ijumaa

Tulisali juu ya mbao tupu. Zilikuwa baridi kama chuma. Hapakuwa na hotuba ndefu.

30 Januari

Lori la Cevat halikuja. Amempigia Haji Veysel simu kwamba hakuwahi kuahidi kitu.

31 Januari

Mtu ameandika kwa mkaa kwenye ukuta wangu: MTOA TAARIFA. Nimeuacha. Mwandiko ni wa mmoja wa wanafunzi wangu, sitasema nani. Nilimfundisha kunyoosha mistari vizuri.

4 Februari

Bi Hatçe alinisemesha kutoka upande wake wa ukuta. Nilikuwa nakata kuni.

"Wameliweka wapi la Nazire?"

"Ghalani. Litakuwa limefunikwa nailoni."

"Hakuna anayesali juu yake."

"Hakuna."

Nilidhani ameingia ndani. "Amebaki bila kitu kwa sababu yangu," alisema.

"Kwa sababu yangu. Barua niliandika mimi."

"Usininyang'anye hata dhambi yangu, Mwalimu. Umeshachukua ya kutosha." Nilisikia mkongojo wake ukigonga jiwe. "Kila asubuhi nasali rakaa mbili juu ya la mama. Sasa naongeza mbili za yule mchunguliaji wako. Usinishukuru. Magoti yananiuma na namsema kila nikiinuka."

Sikumshukuru. Niliendelea kukata kuni hadi nikaona nimekata za wiki mbili.

7 Februari

Theluji nyembamba juu ya mizeituni. Uchumaji umekwisha. Mafuta mwaka huu ni machungu, wanasema ni kwa sababu ya mvua.

11 Februari, Ijumaa, Ramadhani mosi

Nilichelewa kwa sababu ya goti. Msikiti ulikuwa umejaa. Watu wameleta kila walichokuwa nacho: mablanketi, magunia ya zeituni, kitambaa cha meza chenye maua. Yale ishirini na matatu yako majumbani na hakuna anayethubutu kuyatoa, maana askari walisema huenda wakarudi. Mlangoni, palipokuwa pa Nazire, palikuwa pamejaa viatu. Hakuna aliyekusudia ubaya. Viatu vimetanda kwa kuwa hakuna tena kitu cha kuvizuia.

Nilisimama, sikujua niende wapi. Bila mazulia huwezi kujua tena nani ni wa mbele na nani wa nyuma. Imamu Yakup aligeuka kunyoosha safu. "Jazeni mbele," alisema. Pengo lilikuwa moja, kushoto kwa Haji Veysel. Watu hawakusogea. Waligeuza vichwa kidogo, kama wanavyogeuza mtu anapokohoa.

Nilipita katikati yao nikaenda. Njia ilikuwa ndefu kuliko yoyote niliyopita tangu mwaka wa hamsini na moja. Nilisimama kwenye gunia lililoandikwa jina la mashine ya kukamulia, bega langu likagusana na lake. Tuliinama pamoja, tukasujudu pamoja, na mifupa yetu ikalia pamoja tulipoinuka. Ni mzee pia. Sikuwahi kuwa karibu naye kiasi cha kulijua hilo.

Baada ya salamu hakuinuka mara moja. Alikuwa akipitisha tasbihi, macho chini.

"Ile nakshi pembeni ya zulia la bibi," alisema polepole. "Ni pambo kweli?"

"La. Ni jina. Halil. Mtoto mchanga."

Tasbihi ilisimama. Baadaye ikaendelea.

"Mke wangu anasema nikusalimie," alisema.

"Na wewe?"

"Mimi sijasema kitu. Sogea, unanibana."

Sikusogea.